Mtu mzima na waimbaji wa Korea: kicheko si fatwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), watu wa nyumba yake na masahaba zake. Ama baad.

Lipo swali ambalo katika jamii yetu huchekwa kabla ya kujibiwa. Mwislamu aliyevuka miaka arobaini, mwenye watoto wakubwa na pengine wajukuu, anaweza kuwa shabiki wa dhati wa makundi ya waimbaji wa Korea Kusini, yale ya muziki uitwao K-pop? Tunamzungumzia mtu anayejua majina ya vijana wote saba wa kundi la BTS, anayenunua bando ili asipitwe na wimbo mpya, na ambaye simu yake ikiwaka inatokea sura ya mwimbaji wa Seoul. Akiwa binti wa miaka kumi na sita, watu husema ni utoto, utapita. Akiwa mama wa miaka arobaini na tano, watu hucheka. Wengine huvuka hapo wakasema ana jini, amepungukiwa, au amemchoka mumewe.

Kicheko si fatwa. Allah (SW), katika Sura al-Hujurat aya ya 11, amekataza watu kudhihakiana, na akawataja wanaume peke yao na wanawake peke yao ili asiwepo wa kujitoa. Kwa hiyo tulitazame jambo hili kwa utaratibu: limefikaje kwetu, linaendeshwa vipi, sheria inasema nini juu yake, na sisi wenye misikiti na familia tuna sehemu gani ndani yake.

Korea ilivyofika Morogoro

Mkazi wa Morogoro hahitaji kupanda ndege ili akutane na Korea. Safari za treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 14, 2024, na vichwa vya umeme vinavyovuta mabehewa yake, pamoja na zile treni ambazo watu wamezipa jina la Mchongoko, vimetengenezwa na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Seoul kwenye mkutano wa Korea na Afrika. Hospitali ya Mloganzila na Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam yamejengwa kwa mikopo nafuu ya nchi hiyo.

Majumbani Korea iliingia mapema zaidi, kwa mlango wa tamthilia. Hadithi za wafalme na wapiga upinde kama Jumong, kisha za mapenzi, zilienea kwa kanda na diski, nyingine zikisimuliwa kwa Kiswahili na watafsiri ambao sauti zao zinajulikana hata na watoto. Mama aliyeanza na tamthilia akiwa anakaanga vitumbua ameshazoea sura, chakula, mavazi na namna ya kusalimiana ya watu wale. Kutoka kwenye wimbo unaofungua tamthilia hadi kwa kundi linaloimba wimbo huo ni hatua moja tu, na simu janja imeifupisha hatua hiyo. Leo hata kwenye miteremko ya Uluguru, kule Kinole au Mkuyuni, mtu anaweza kutazama onyesho la Seoul akiwa ameketi kibarazani.

Wala mji huu haujaanza leo kupenda muziki wa mbali. Salum Abdallah, aliyezaliwa Morogoro mwaka 1928, alivutwa na santuri za Cuba zilizokuwa zikiuzwa Afrika Mashariki zikiwa na alama ya G.V. Mwaka 1948 aliunda kundi la La Paloma, na baadaye likaja Cuban Marimba, bendi ambayo jina lake lenyewe linaeleza mapenzi hayo. Vijana wa wakati ule waliimba maneno ya Kihispania kwa kuyakariri, bila kujua maana yake. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Morogoro Jazz nayo, bendi ya Mbaraka Mwinshehe, ilikwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Tunayataja haya kama historia, bila kusema kwamba mazoea ya mji huhalalisha jambo. Faida yake ni kwamba yule babu anayemcheka mama wa leo kwa kuimba Kikorea asichokielewa, huenda yeye mwenyewe aliwahi kuimba Kihispania asichokielewa.

Watu wazima waliotangulia

Mapenzi ya aina hii kwa watu wazima yameonekana kwingine, na yana mafunzo. Tamthilia ya Kikorea iitwayo Winter Sonata ilioneshwa Japani na shirika la NHK kuanzia mwaka 2003. Waliomshika zaidi mwigizaji wake mkuu, Bae Yong-joon, walikuwa wanawake wa makamo na wazee. Novemba 2004 alipotua uwanja wa Narita, maelfu yao walijazana kumpokea, na siku iliyofuata baadhi waliumia katika msongamano nje ya hoteli yake. Wapo walioanza kujifunza Kikorea wakiwa na miaka hamsini na kwenda kuitembelea nchi ambayo Japani iliitawala kimabavu kuanzia 1910 hadi 1945.

Korea kwenyewe, mwaka 2020, mwimbaji Lim Young-woong alishinda shindano la televisheni la nyimbo za mtindo wa zamani uitwao trot. Mashabiki wake wengi ni wanawake wa miaka hamsini, sitini na kuendelea. Wana chama chao, wana rangi yao ya sare, wanasafiri pamoja kwenda kwenye maonyesho, na huchangisha fedha za misaada kwa jina la mwimbaji wao.

Ukiitazama mifano hii miwili utaona kitu kimoja. Mwanamke aliyemaliza kulea, ambaye nyumba imenyamaza, amepata mahali pa kwenda, watu wa kuzungumza nao, na kazi ya kufanya. Ukishabikia peke yako hiyo ni burudani, lakini ukishabikia na wenzako inakuwa jamaa.

Na sisi tunalijua hilo kutoka kwetu. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama vyenye vyeo, sare na mashindano, na gharama zake ziliwaumiza wengi. Waluguru, ambao huufuata ukoo wa mama, walikuwa na nafasi maalumu ya mama mtu mzima: ndiye aliyesimamia unyago, ndiye aliyemfunda mwali, na neno lake lilisikilizwa. Mengi katika desturi hizo yanapingana na dini, na masheikh walikuwa na haki ya kuyakemea. Lakini kila kilichoondolewa kiliacha kiti kitupu, na kiti kitupu hakikai bila mtu.

Biashara iliyo nyuma ya mapenzi

Shabiki wa makamo anapaswa kujua anapenda nini. Makundi ya K-pop huundwa na kampuni. Vijana huchukuliwa wakiwa wadogo, hufundishwa kuimba, kucheza na kuzungumza mbele ya kamera kwa miaka, kisha hupangwa katika kundi. Albamu huuzwa ikiwa na kadi za picha ndani yake, na mnunuzi hajui atapata kadi ya nani mpaka afungue. Anayemtaka mwimbaji mmoja hununua nakala ya pili, ya tatu, ya kumi. Hilo halifanani na kununua muziki, na linakaribia tabia ya bahati nasibu.

Ipo pia huduma ya kulipia kwa mwezi ambapo mwimbaji hutuma ujumbe mmoja, na ujumbe huo hufika kwenye simu za watu wengi kwa sura ya mazungumzo ya watu wawili. Kila mmoja huona kama ameandikiwa yeye: umekula, umechoka, lala salama. Mama ambaye hakuna aliyemuuliza kama amekula tangu asubuhi anaulizwa na kijana asiyemjua, kwa malipo. Hapa ndipo tunapoona hatari kubwa kuliko ngoma na gitaa: upweke wake umepata muuzaji.

Sheria inasema nini

Anayetaka jibu la neno moja, halali au haramu, atakuwa ameunganisha maswali matano katika swali moja. Tuyatenganishe.

La kwanza ni sauti. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya muziki. Wengi katika madhehebu manne, na miongoni mwao Shafi'i ambao ndio wengi Afrika Mashariki, wamekataza ala za nyuzi na za kupuliza. Wametegemea hadithi ya ala za muziki iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na tafsiri ya Ibn Mas'ud ya aya ya 6 ya Sura Luqman. Ibn Hazm aliidhoofisha hadithi hiyo akaruhusu, al-Ghazali alitoa maelezo marefu katika Ihya, na katika zama zetu Yusuf al-Qaradawi aliruhusu kwa masharti. Sisi tunaelemea kauli ya wengi, kwa kuwa ndiyo yenye tahadhari. Lakini anayefuata kauli nyingine yenye wanazuoni wake hatumwiti fasiki, wala hatumtoi katika safu ya Waislamu. Wote wanakubaliana kwamba wimbo wenye maneno ya uchafu, ulevi au shirki haufai. Kwa hiyo asiyejua Kikorea ana wajibu wa kujua maana kabla ya kuutia ulimini. Tafsiri zipo kwenye simu hiyohiyo anayotazamia.

La pili ni macho. Aya za 30 na 31 za Sura an-Nur zimewaamrisha wanaume na wanawake pia wainamishe macho. Imethibiti katika Bukhari kwamba Bibi Aisha (RA) aliwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, Mtume (SAW) akiwa amemsitiri. Kutokana na hapo wapo wanazuoni waliotofautisha kutazama kwa matamanio na kutazama bila matamanio. Maonyesho ya K-pop mengi yametengenezwa ili mtazamaji atamani, kwa mavazi na kwa miondoko. Mtu mzima anaijua nafsi yake, wala hahitaji mufti amwambie moyo wake unakwenda wapi anapotazama.

La tatu ni mali. Mali ya mke ni yake katika sheria yetu, na mume hana haki ya kumhoji kwa shilingi aliyoichuma mwenyewe. Lakini ada ya mtoto, fedha ya matumizi aliyoachiwa, na mchango wa kikoba ni amana. Na hata mali ya mtu mwenyewe imewekewa mpaka na aya za 26 na 27 za Sura al-Isra, zinazowafanya wafujaji kuwa ndugu wa mashetani. Kununua albamu kumi kwa ajili ya kadi moja hatuoni namna ya kukutetea.

La nne ni wakati. Korea iko mbele yetu kwa saa sita. Onyesho linaloanza Seoul saa moja usiku, hapa Morogoro ni saa saba mchana, na likiendelea saa mbili au tatu linakula adhuhuri na kuigusa alasiri. Shabiki atajipima kwa kipimo chepesi: adhana ikilia katikati ya onyesho la moja kwa moja, mkono wake unafanya nini? Katika hadithi ya Hanzala aliyoipokea Muslim, Mtume (SAW) alitufundisha kwamba moyo una saa ya ibada na saa ya dunia, na hakumlaumu Hanzala kwa kucheka na watoto wake. Hakusema saa zote ziwe za upande mmoja.

La tano ni moyo, na hili ndilo zito. Mtume (SAW) amefundisha kwamba mtu atafufuliwa pamoja na anayempenda. Aya ya 165 ya Sura al-Baqara imewasema watu wanaowapenda wengine kwa penzi linalomstahiki Allah. Kufurahia sauti ya mtu ni jambo moja. Kumlilia, kumtetea kwa matusi mitandaoni, kuharibikiwa siku nzima kwa sababu amekosolewa, na kumjua yeye kuliko unavyomjua Mtume wako, hilo ni jambo jingine.

Umri wa arobaini

Katika aya ya 15 ya Sura al-Ahqaf, Qur'ani imeutaja umri wa miaka arobaini kwa jina lake. Mtu anayefika hapo anaelezwa akimwomba Mola wake amwezeshe kushukuru neema aliyompa yeye na wazazi wake, kutenda mema, na kutengenezewa kizazi chake. Yaani arobaini ni umri wa kutazama nyuma kwa wazazi na mbele kwa watoto kwa wakati mmoja. Si ajabu moyo ukatikisika katika umri huo. Wazazi wanaondoka, watoto wanahama, mwili unabadilika. Mtu anatafuta kitu cha kushika, na anashika kilicho karibu. Leo kilicho karibu kuliko vyote ni simu.

Mizani iwe moja

Sasa tuwageukie wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaocheka kwa sauti kubwa. Mzee wa miaka hamsini akivaa jezi ya Simba au Yanga, hakuna anayesema ana jini. Akigombana na jirani kwa ajili ya Arsenal, tunaita ushabiki. Morogoro ilisherehekea Mtibwa Sugar walipochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, na uwanja wa Jamhuri umeshuhudia wazee wakilia machozi. Mechi za Ulaya za usiku zinaipita isha, na vibanda vinavyoonesha mechi hizo viko jirani na vibanda vya kubeti, ambayo ni kamari isiyo na khilafu.

Maswali matano tuliyoyataja, ukiondoa lile la sauti, yanamhusu shabiki wa mpira kama yalivyo: macho, mali, wakati na moyo. Mume anayemnyang'anya mkewe simu kwa sababu ya waimbaji wa Korea, naye alfajiri hakuamka kwa sababu ya mechi, amepima kwa vibaba viwili. Allah ameiteremsha sura nzima, al-Mutaffifin, kuwaonya wanaopima namna hiyo.

Malaysia ilipata funzo lake. Januari 2015, katika hafla iliyofanyika Kuala Lumpur, waimbaji wa kundi la B1A4 waliwakumbatia jukwaani wasichana waliovaa hijabu. Kelele zikawa kubwa, na sehemu kubwa ya lawama ikawaangukia wasichana. Anayepangilia tukio, anayeuza tiketi na anayempandisha binti jukwaani huondoka na fedha, na binti hubaki na aibu. Tusilirudie hilo kwa mama zetu.

Nini kifanyike

Kwa mama mwenyewe, tunamnasihi ajipime kwa maswali yale matano, peke yake, bila mtu wa kumcheka. Aondoe kwanza lisilo na khilafu: israfu, kupitwa na sala, nyimbo chafu na kutazama kwa matamanio. Aache kulipia mapenzi ya ujumbe. Kisha amwombe Allah ampe kilicho bora zaidi, na asikate tamaa ikiwa moyo unachelewa kuhama, kwa maana moyo hauhami kwa siku moja.

Kwa mume, aanze kwa kuuliza, na aulize akitaka kweli kujua. Ni nini unachokipenda humo? Tangu lini? Huenda akasikia jibu ambalo halihusu Korea kabisa. Mtume (SAW) alisimama hadi Bibi Aisha (RA) akatosheka na mchezo aliokuwa akiutazama. Katika wanaume wanaokemea, ni wangapi waliowahi kusimama pamoja na wake zao katika jambo la halali wanalolipenda?

Kwa watoto wakubwa, ambao mara nyingi ndio waliomfundisha mama kutumia simu kisha wakamrekodi akiimba ili wenzao wacheke: kumwaibisha mzazi ni dhambi iliyo wazi, na haina khilafu ya wanazuoni.

Kwa maimamu na viongozi wetu, hapa ndipo tunaposema kwa uzito. Morogoro ina Chuo Kikuu cha Waislamu, na ni mji ambao Radio Imaan inarusha matangazo yake. Elimu ipo. Lakini tujiulize misikitini kwetu: mtoto ana madrasa jioni, mwanamume ana darsa baina ya magharibi na isha. Mwanamke wa miaka arobaini na tano ana nini, na ana siku gani? Yule anayeteremka kutoka Kinole na ndizi zake hadi soko la Chifu Kingalu, akirudi jioni, ni mlango gani wa msikiti uliofunguliwa kwa ajili yake?

Makundi ya mashabiki yanajua siku mwanachama alipokosekana, na mtu humwandikia kumuuliza. Uislamu uliweka hilo kabla yao: kumsalimia Mwislamu ukikutana naye, kumwitikia akikualika, kumnasihi akitaka nasaha, kumtembelea akiugua, ni haki zilizotajwa katika hadithi aliyoipokea Muslim. Tumezihifadhi kama masomo ya mtihani. Msikiti unaotaka kumrudisha mama huyu uanze na darsa ya wanawake watu wazima yenye siku na saa maalumu, na mwalimu mwanamke wa kuiendesha pale anapopatikana. Apewe kazi: kufundisha wadogo kusoma, kusimamia mfuko wa wajane, kuwafunda maharusi kwa mujibu wa dini, ile kazi ambayo nyanya yake aliifanya kwa mujibu wa mila. Na asipofika wiki moja, mtu ampigie simu.

Kwa muhtasari, ushabiki wa K-pop kwa mtu mzima hautoki katika hukumu kwa sababu ya umri wake, wala umri haumzidishii kosa ambalo kijana hana. Lililo haramu ndani yake ni haramu kwa wote, lenye khilafu lina adabu zake za khilafu, na upweke ulio nyuma yake ni deni letu sote. Tukimkataza bila kulilipa deni hilo, atazima simu mbele yetu na kuiwasha tukishaondoka.

Tunamwomba Allah atengeneze nyoyo zetu na vizazi vyetu. Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.